Kuufuata mzinga wa manowari ya bomba tatu: Dar es Salaam hadi Mombasa

Kwetu Rufiji kuna habari moja ya Vita vya Kwanza vya Dunia ambayo mtoto hakuhitaji kitabu kuijua. Ni habari ya manowari ya bomba tatu, meli ya Wajerumani yenye bomba tatu za moshi, iliyojificha kwenye mikoko ya delta mpaka Waingereza wakaifuata humo humo na kuimaliza. Meli yenyewe, SMS Königsberg, imeshamezwa na tope. Mizinga yake haikuzama nayo. Ilitolewa, ikatawanyika nchi nzima na ng'ambo ya mipaka, na mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, pamoja na mzinga wa HMS Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar. Mizinga ya maadui wawili, mahali pamoja. Nilitaka kuiona kwa macho yangu, nikafunga safari. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Alhamisi: Dar es Salaam, Horohoro, Likoni

Basi liliondoka alfajiri. Nauli nililipa shilingi 45,000 za kwetu, tiketi nimeikata siku mbili kabla. Chalinze hadi Segera hakuna la kusimulia zaidi ya usingizi.

Tulipokaribia Muheza tairi la nyuma likapasuka, na tairi la akiba likawa halina upepo wa kutosha. Kondakta akapanda bodaboda kwenda kulijaza. Tukakaa kando ya barabara zaidi ya saa moja, jua limeshapanda. Hapo palikuwa na mama anauza machungwa. Aliinuka akawapisha wazee benchi lake, akachukua kisu, akaanza kumenya na kuwagawia watoto wa basi zima, mmoja mmoja, bila kumuuliza mtu senti. Baba mmoja alipotoa noti, mama akaisukuma nyuma: "Weka, baba. Msafiri hali njaa mbele ya mlango wangu." Sote tuliobaki tulinunua kwake, na machungwa ya Muheza hayahitaji kusifiwa.

Mpakani Horohoro na Lunga Lunga unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, kwa hiyo ukifika mapema unamaliza haraka. Sisi tulifika pamoja na mabasi mengine mawili, foleni ikatoka nje ya mlango. Kwa atakayefuata: beba pasi ya kusafiria au hati ya muda, na kadi ya homa ya manjano iweke juu, usiifukie chini ya begi, maana wanaiulizia. Fedha badilisha kidogo tu ya kukutosha siku ya kwanza, ukiuliza bei kwa watu wawili watatu kabla ya kutoa hela. Mimi nilipata shilingi moja ya Kenya kwa karibu shilingi 20 zetu.

Likoni tulifika magharibi. Abiria tunashuka, basi linaingia kwenye feri na sisi tunaingia kwa miguu, bure. Ule umati usiouona unaishia wapi ulinishika mkono ukanipeleka wenyewe. Katikati ya maji nikageuka upande wa bandari, na kule mbali, upande wa Mtongwe yaliko makao ya jeshi la wanamaji la Kenya, nikaona umbo la kijivu limekaa chini juu ya maji. Dada mmoja mwenye ndoo ya samaki aliniona natoa simu, akanigusa bega: "Hapa hawapendi picha, kaka. Tazama kwa macho." Nikairudisha mfukoni. Nawe fanya hivyo: kivukoni na karibu na kambi, simu ibaki mfukoni.

Nililala nyumba ya wageni Majengo, KSh 1,800, feni inafanya kazi na maji yanatoka.

Ijumaa: Fort Jesus

Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi za nazi kwa Bi mmoja anayepika barazani kwake, chai ya tangawizi juu, jumla KSh 120. Mbaazi zile zilikuwa nzito, tui limeshikana. Nilipomwambia naenda kutazama mizinga alisema, "Nenda mapema mwanangu, leo Ijumaa, mchana Mji wa Kale wote uko msikitini." Alisema kweli. Ukitaka maduka na wauza kahawa siku ya Ijumaa, yafanye kabla ya saa sita au baada ya alasiri.

Ngome yenyewe ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nilianza na jumba la makumbusho, nikasimama kwenye vitu vilivyotolewa ndani ya Santo António de Tanná, meli ya vita ya Wareno iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681, ikazama hapa chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Kuzingirwa kule kulianza Machi 1696 kukaisha Desemba 1698. Wapiga mbizi waliifukua meli hiyo miaka ya 1970. Juu ya kuta kuna mizinga ya zamani ya kujazwa kwa mbele: baruti kwanza, kisha tufe la chuma, kisha moto. Mwaka 1875, Akida Muhammad bin Abdallah alipomwasi Sultani wa Zanzibar na kujifungia ngomeni, manowari mbili za Kiingereza, HMS Nassau na HMS Rifleman, zilisimama baharini zikaipiga mpaka akasalimu amri. Kuta zilizowasumbua Waomani karibu miaka mitatu, mizinga ya meli za enzi mpya haikuzihitaji siku nyingi.

Sasa mzinga wangu.

Kijana anayeongoza wageni aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Rufiji. Akasimama. "Rufiji yenyewe? Ya Königsberg?" Akawaita wenzake wawili: "Njooni, huyu ndugu katoka kwenyewe!" Tangu hapo sikuwa mgeni tena.

Mtutu una upana wa sentimita 10.5 kwa ndani, na urefu wake ni mara 40 ya upana huo, yaani mita 4.2. Ukiinama mdomoni mwa mtutu wa mzinga wa namna hii unaona michirizi inayozunguka kama nyuzi za kamba iliyosokotwa kuelekea ndani. Kombora la kilo 16 likifyatuliwa linashikwa na michirizi hiyo, linatoka huku linazunguka, na mzunguko ndio unaolifanya liende moja kwa moja badala ya kubingirika hewani. Lilifika zaidi ya kilomita 12. Kutoka pale ngomeni hiyo ni kupita Bamburi na kukaribia Shanzu. Kombora na ganda la shaba lenye baruti yake viliingizwa kwa mkono, kizibo cha chuma kikatelezeshwa kando kufunga tako la mzinga, na wapigaji waliofundishwa vizuri walirudia hivyo kila sekunde chache.

Mzinga wa Pegasus ni wa inchi nne, upana ambao unakaribia sana ule wa Mjerumani. Kombora lake lilikuwa la kilo 11 na kitu, na haukufika mbali kama wa mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua asubuhi ya 20 Septemba 1914. Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mitambo yake inatengenezwa, haina mwendo. Königsberg ikaja kutoka delta ya Rufiji, upande wa kusini, ikasimama mbali na kuanza kupiga. Waingereza walijibu, makombora yao yakaanguka majini kabla ya kufika. Baadaye mizinga kadhaa ya Pegasus ilitolewa ikatumika nchi kavu, sawasawa na ilivyokuja kuwa kwa Königsberg.

Nilikaa pale muda mrefu, mkono juu ya chuma. Rangi imepakwa juu ya rangi mpaka kona zimekuwa za mviringo, na kwenye viungo kutu imetoka na chumvi. Chuma kilikuwa cha moto.

Wakati huo likaingia kundi la wanafunzi kutoka Kwale na mwalimu wao. Yule kijana akawaelezea vizuri, kisha akanigeukia: "Mzee wa Rufiji, waongezee." Nikawaambia kuhusu boila, mtambo wa kuchemsha maji yatoe mvuke wa kuendesha meli. Baada ya Zanzibar mitambo ya Königsberg iliharibika, ikarudi delta kujificha. Mafundi walikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100. Basi sehemu za boila zikashushwa, zikavutwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar, zikatengenezwa, zikavutwa tena kurudi kwenye mikoko. Na Julai 1915, meli ilipokwisha, wakarudi kuitoa mizinga yote 10 na kuivuta vilevile. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Walivuta na nini?" Nikamjibu: kamba na mabega. Akautazama mzinga, halafu akaniuliza tena, "Kina nani?"

Hilo ndilo swali, na ndilo lililonitoa Dar. Nimesoma niliyoweza kuyapata kuhusu meli hii. Nahodha wake Max Looff yumo, kamanda wa nchi kavu Paul von Lettow-Vorbeck yumo kila ukurasa, marubani wa Kiingereza wamo. Watu walioufikisha mzinga wa zaidi ya tani moja kutoka matopeni, wakaupitisha mabondeni na kwenye mito, hawana hata jina moja. Wengine walikuwa watu wa kwetu, waliochukuliwa mashambani. Sanamu ya Askari pale Samora, Dar, maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Niliwaambia wale watoto hivyo, na nikawaambia wanapoona mzinga wa meli mahali pasipo na bahari, waulize kwanza nani aliufikisha. Mwalimu wao aliandika.

Kwa watakaokwenda: raia wa Afrika Mashariki wana kiingilio chao, chini ya cha wageni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ni kwa simu, basi uwe na laini ya Kenya yenye salio au umwombe mtu. Mimi nililipiwa na familia moja ya Nakuru iliyokuwa nyuma yangu kwenye foleni, nikawapa fedha mkononi. Nenda saa mbili asubuhi. Kuanzia saa tano mawe ya ngome yanarudisha joto lote.

Jumamosi: Mama Ngina na mlango wa Kilindini

Tuktuk kutoka Majengo KSh 200. Mama Ngina ni pwani ya kusini ya kisiwa, mibuyu mikubwa, na mkondo wa kuingilia bandari ya Kilindini uko chini yako kabisa. Meli ya makontena ikipita unaweza kumpungia mkono baharia akakuona. Nilinunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, nikakaa ukingoni.

Pembeni yangu alikuwa mzee na kofia yake ya kiua, anatazama meli kwa jicho la mtu anayezijua. Shikamoo. Marahaba mwanangu, karibu. Ikatoka kwamba alikuwa mwanamaji, amestaafu, alihudumu kwenye KNS Nyayo, mojawapo ya meli mbili za makombora zilizojengwa Uingereza miaka ya 1980. Ya pili ni Umoja. Jeshi la wanamaji la Kenya lilizinduliwa 12 Desemba 1964, Kenya inatimiza mwaka mmoja wa uhuru, na yeye alijiunga bado kijana.

Nilimsimulia mzinga wa jana, akaniuliza swali la kitaalamu: "Waliulengaje, nao wamejificha nyuma ya miti?" Nikamweleza ninavyojua. Königsberg iliweka watazamaji ufukweni na juu ya miti, wakawa wanapeleka habari melini kombora limeanguka wapi. Waingereza nao walileta HMS Severn na HMS Mersey, meli bapa zisizohitaji kina, zenye mizinga ya inchi sita, na ndege kutoka Mafia za kuwatazamia kutoka juu. Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa, Mersey ikapigwa. Tarehe 11 wakarudi, na safari hiyo ndege ikawaelekeza mpaka kombora likaanza kupata. Kabla ya kuiacha, Wajerumani wenyewe wakailipua meli yao.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Shida ya mzinga wa meli si nguvu," alisema. "Bahari haitulii, meli haitulii, na yule unayempiga hatulii. Sisi zamani tulifundishwa kungoja. Meli inalala upande huu, inalala upande ule, katikati kuna mahali inasimama wima. Hapo ndipo unafyatua. Ukichelewa kupumua, kombora limekwenda mbinguni au limekwenda kwa samaki." Akanionyesha kwa kiganja, kinalala, kinainuka, kinalala. Kwenye Nyayo, alisema, kazi ya kungoja inafanywa na mashine. Mzinga wake wa Kiitaliano wa milimita 76 hauna mtu ndani ya kuba lake. Makombora yanapanda kutoka chini yenyewe, na kwa dakika moja unaweza kufyatua hadi 85. Nikafikiria wale wa Königsberg na kilo 16 mikononi kila mara.

Ni yeye pia aliyenikumbusha kwamba maji yale yaliona makubwa zaidi. Aprili 1942 Wajapani walipozipiga Colombo na Trincomalee, Waingereza waliondoa sehemu kubwa ya meli zao za Bahari ya Hindi wakazileta Kilindini. Admirali James Somerville alikuwa nayo HMS Warspite, yenye mizinga ya inchi 15, kombora moja lina karibu kilo 880. Hiyo ni zaidi ya mara 50 ya kombora la mzinga wa Fort Jesus. Zote hizo zilipita kwenye mkondo huu mwembamba tuliokuwa tunautazama. Na Shule ya Allidina Visram, hapa hapa kisiwani, iligeuzwa ofisi ya kufungua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Mzee alisema baba yake, kuli wa bandarini, alikuwa akisimulia usiku ambao taa zote za Mombasa zilizimwa na mji ukawa kama haupo.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Alikataa nimlipie madafu, akanilipia mimi.

Jumapili: Mji wa Kale na Jomo Kenyatta Avenue

Asubuhi nilizunguka Ndia Kuu na Kibokoni, milango ya kuchonga, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kipande cha halua. Mchana viazi karai na ukwaju. Sikuandika zaidi ya hapo, nilikuwa nafurahi tu.

Alasiri nilikwenda kuona sanamu za askari za Jomo Kenyatta Avenue, ndugu wa ile ya Dar na ile ya Nairobi. Magari hayasimami, kwa hiyo vuka kwa uangalifu. Nilikaa kivulini na mshona viatu aliyenipa kigoda chake. Anafanya kazi pale miaka mingi. Nilipomweleza habari za wapagazi alisema babu wa mkewe, Mdigo wa Kwale, alichukuliwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi cha Waingereza (Carrier Corps), na hakurudi, na kwao bado wanamsomea hitima pamoja na marehemu wengine. Nilimwuliza jina la babu huyo. Akanitajia, akanitajia na la baba yake, nikayaandika yote mawili. Siyaweki hapa kwa kuwa ni ya familia, lakini yamo kwenye daftari langu, chini ya mchoro wa mzinga.

Jumatatu: kurudi

Basi la asubuhi, mpaka ulikuwa mtupu, tairi zote nzima. Dar saa moja usiku.

Kwa gharama, ukitoa nauli ya kwenda na kurudi, KSh 3,500 kwa siku zilinitosha kulala, kula na kuzunguka kwa tuktuk. Anayetaka kuufuata mzinga zaidi ya Mombasa, mwingine uko Pretoria. Na mmoja kati ya ile 10 ulifungwa kwenye meli ya Goetzen kule Kigoma. Mzinga haupo tena melini, lakini meli yenyewe ndiyo hii tunayoiita MV Liemba. Kwa upande wa delta, mabasi ya Kibiti yanatoka Mbagala kila siku, na kutoka Kibiti kuna gari za Nyamisati, panapopandwa boti za Mafia. Ukitaka kuingia kwenye mikondo ya Kikunja na Simba Uranga zungumza na wavuvi, patana bei ya mashua kabla ya kupanda, na uangalie maji ya kujaa na kupwa. Ukikuta mzee pale ambaye kwao walitoka wavutaji wa boila au wa mizinga, tafadhali mwombe majina, uyaandike na tarehe.